Kura Siyo Mpira

Siku yangu ya kwanza ya kazi za ndani, mtaa wa Al-Naseem mjini Riyadh, Madam Mkubwa hakuniuliza jina. Alinipa pasi na kanzu ya mumewe. "Kola isimame," akasema. Kola husimama kwa wanga, siyo kwa kukandamiza. Anayetaka kwenda huko ajifunze hilo kwanza, machozi baadaye.

Binti yake alipoolewa nilihamishiwa kwake Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Mumewe, tuliyemwita Baba, akawa kafili wangu, yaani mwajiri anayekudhamini kwa serikali, na akikuchoka unarudi kwenu.

Madam huyu alisomea Delaware, jimbo dogo la Marekani. Tukikunja sambusa alinihadithia ya huko: kwamba ndilo la kwanza kuikubali katiba yao; kwamba walipoamua kumwacha mfalme wa Uingereza, wajumbe wawili wa Delaware hawakupatana, na wa tatu, mgonjwa, akapanda farasi usiku kucha kwenye mvua, akapige kura.

"Na watumwa je?" nikauliza.

"Hao walishikiliwa mpaka mwisho kabisa."

"Basi wepesi wa kutia sahihi, wazito wa kuachia."

Akabana sambusa hadi ikapasuka.

Ikaja miaka ya mageuzi, wanawake wakaruhusiwa kupiga kura za baraza la mji. Madam akajiandikisha. Siku yenyewe ikamkuta dereva yuko likizo kwao, wanawake bado hawajaruhusiwa kuendesha, na Baba kajilaza sebuleni. Alasiri inakwisha, Madam kasimama mlangoni kavaa abaya yake.

"Utakwenda safari nyingine," Baba akasema.

Nilikuwa na trei ya chai mkononi. Nikashindwa kunyamaza, Kiarabu changu kikachanganyika na Kiswahili. "Baba, mpeleke Madam akapige kura."

Akaketi wima. Kwa Kiarabu, kura ni mpira. "Mpira? Na abaya hiyo? Kipa nani, wewe?"

"Saut!" Madam akadakia, maana kura yetu wao huiita sauti. "Anasema nikatoe saut!"

"Ehee, hiyo," nikasema. "Mgonjwa wa Delaware alikwenda kwa farasi, na mvua inampiga. Wewe gari lina kiyoyozi."

Nikajua nimeshapoteza kazi. Kisha Baba akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, akachukua funguo. "Yalla, kabla kipa hajanitoa nje."

Walirudi magharibi imeshaadhiniwa. Madam alikuja moja kwa moja jikoni. "Walikuwa wanafunga milango," akasema. "Nimewahi, mama. Nimewahi." Akakaa juu ya gunia la mchele, akalia. Nikamwambia anawe uso, chakula tayari.

Sasa nimestaafu, niko Mombasa, magoti hayataki ngazi. Wasichana huniuliza kama kule ni jela. Nawajibu nyumba hazifanani, na mengi utanyamazia. Mimi jioni ile sikunyamaza, na kesho yake niliamka kwenye kitanda kilekile, nikapiga pasi kama kawaida. Alhamdulillahi.