Mwalimu Aliyewatukana Watoto wa Makina

Mimi nilipokuwa mtoto kule Makina, enzi za mkoloni, Kibra ikiwa bado vichaka na ng'ombe wetu, aliyempenda mtoto mchanga alimtukana. Kumsifu ilikuwa kumwitia kifo, maana jicho baya lilisikia. Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, alikuwa bingwa wa matusi hayo. Ndugu yangu Ramadhani alipozaliwa, baada ya mama kuzika watoto wawili, Haboba alimpaka masizi kwenye paji la uso akamwita Takataka. "Hii takataka imelala?" aliuliza, huku akimbusu nyayo.

Msicheke, tuliogopa kweli. Mama hakuwa akilala. Alitega sikio kifuani mwa mtoto kusikiliza kama bado anapumua. Mgeni mmoja kutoka Riruta alikuwa amesema tu, "Mashavu mazuri jamani!" na usiku ule ule mtoto akashikwa na homa. Tangu hapo mgeni akiingia, Haboba alisimama na chetezo cha ubani mkononi kama askari wa zamu.

Ndipo akaja Mwalimu Yohana. Alikuwa mwalimu wa dini wa misheni upande wa Kawangware, kijana mrefu mwenye baiskeli na koti la kubana, aliyenunua maziwa kwa baba. Ukimuuliza habari za barabarani alikujibu kwa mahubiri. Siku hiyo akamwona mtoto mapajani mwa mama, akainama kumtazama. Haboba akashika chetezo. Mama akafumba macho.

"Mnaona huyu," Mwalimu akasema kwa huzuni, "vile ako mdogo hivi, amezaliwa na dhambi. Ni mchafu mbele ya Mungu. Hakuna kitu kizuri ndani yake."

Mama akafumbua macho. Haboba akaweka chetezo chini.

"Endelea, Mwalimu."

"Hafai kitu. Anastahili moto."

"Moto pia!" Haboba akajishika kifua. "Jamani, mmesikia? Huyu kijana amelelewa!"

Sisi matusi yetu yaliishia kwenye takataka na nyani. Hakuna aliyewahi kufika motoni. Mwalimu akajaziwa mkebe wa maziwa, akapewa na mayai juu. Usiku huo mtoto alilala fofofo, mama naye akalala, na ushahidi mwingine hatukuutaka.

Aliporudi, alikuta uani kumejaa wanawake na watoto wao.

"Na wangu, Mwalimu?"

"Huyo pia ni mwenye dhambi, mama."

"Ongeza kidogo, huyu ana kikohozi."

Maskini Mwalimu! Miaka yote alikuwa akihubiri Makina bila kupata hata sikio moja, na sasa wanawake wa Kiislamu walikuwa wanagombania zamu. Machozi yalimlenga. Safari iliyofuata alikuja na chupa ya maji.

"Sasa kwa vile mmekubali," akasema, "tuwabatize."

Haboba alishangaa. "Tumekubali nini?"

"Kwamba watoto ni wachafu."

"Lakini si tunasema tu, Mwalimu? Ndio jicho lipite."

"Mimi sisemi tu, mama. Naamini."

Wanawake wakaanza kuwafunika watoto kwa leso, mmoja mmoja. Mama akamkumbatia Ramadhani akarudi nyuma hadi ukutani.

"Kumbe ulikuwa unamaanisha," Haboba akasema polepole. "Sisi tunamwita takataka kwa sababu akienda huyu, mama yake atamfuata. Wewe unamwambia hafai, na inatoka rohoni? Amekosea nani huyu? Hata kunyonya bado anajifunza."

"Ni dhambi ya baba yetu wa kwanza, mama."

"Basi mtafute huyo baba!"

Wanawake walicheka. Haboba hakucheka. "Maziwa yangu unampelekea nani?"

"Mtoto wangu. Mama yake hana maziwa."

"Na yeye ni mchafu? Anastahili moto?"

Mwalimu akafungua kinywa. Nilikuwa karibu naye, nikamwona akilitafuta lile somo lake, na lisije. "Huyo wangu..." akaanza, uso ukamlegea wote. "Huyo wangu, mama, ungeona vile anacheka, na macho yake mazuri..."

Haboba akamrukia akamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza! Unataka kumuua?"

Mwalimu alitoa macho juu ya kile kiganja. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akaketi chini. Hakumbatiza mtu. Maziwa aliendelea kununua, na kila alipoulizwa habari za binti yake aliinamisha kichwa na kusema, "Mbaya, mama. Mbaya sana." Haboba alimjazia mkebe mpaka ukamwagika.

Ramadhani aliishi, akazeeka, akawa mbishi. Nami leo ndimi haboba. Kanisa la jirani lina spika, na Jumapili nasikia binadamu anavyoambiwa kuwa si kitu. Sigombani na dini ya mtu. Hata Haboba wangu simtetei kwa kila jambo, maana alitufundisha kuogopa neno jema, na mpaka leo nikisifiwa nashtuka. Kama jicho lile lipo, sijui. Ninachokumbuka ni kijana aliyeamini kwa dhati kwamba watoto wote wanastahili moto, akaulizwa juu ya wake, akashindwa kulitamka neno lile. Nilimpenda siku ile kwa kushindwa kwake. Nampenda bado.