Mtungi Wangu Mbele ya Laini

Mimi napenda kuongea, wacha niseme mapema. Hata kwa matanga watu wananikalisha mbali na pasta. Lakini siku tulizika msichana wangu wa mwisho walinikalisha mbele, wangefanya nini? Alikuwa anachuna majani chai huko Kericho, akashikwa na kichwa Jumatatu, Alhamisi akaenda. Huyo alikuwa mtoto wangu wa nne kuzika. Pasta akasema Mungu ako na sababu yake. Nikasimama, nikasema hakuna sababu. Nikasema kuku anakufa, mtu anakufa, hakuna mahali inaandikwa. Chai ikapikwa, watu wakakunywa, wakaenda.

Sasa sisi huku upande wa Ndanai, jua ikikaa sana, chemchemi inabaki nyembamba kama mkojo wa mtoto, kwa sababu ya ile miti ya bulugamu watu walipanda hapo, inakunywa maji yote. Kwa hivyo tunapanga mitungi. Unaweka yako nyuma, unaenda kulima, na mwenye ako hapo anakujazia ikifika, anasukuma ingine. Hakuna askari. Mimi ndiye nilikuwa nachunga hiyo laini, miaka na miaka, na mdomo tu. Ukiruka laini, nitakutangaza mpaka sokoni.

Wiki moja baada ya mazishi nikashuka, nikaangalia ile mitungi imesimama, ya njano, ya bluu, nikajiuliza hii yote ni ya nini. Nikawaambia wamama, kama hakuna kitu, hata laini hakuna. Nikaweka yangu mbele. Wamama walinihurumia, wakaniachia. Na ukweli niwaambie, nilisikia vizuri kwa roho.

Kesho yake nikafanya tena. Siku ya tatu mama mmoja kijana, mwenye ulimi kama wangu, akaweka yake mbele ya yangu. Mwingine akaweka mbele ya yake. Ikawa vita, mitungi inarushwa kwa matope, mtu akaumwa mkono na meno. Wenye nguvu waliteka maji. Mimi niliteka, niko na nguvu.

Nilikuwa na jirani, kogo mmoja, yaani nyanya, Mkipsigis, mzee kunishinda, miguu ilikuwa imekataa. Mimi ni Mkisii, tulikuja hapa na bwana yangu tukanunua shamba, na wakati makabila yetu walichomeana nyumba huyo mama alinificha kwa ghala yake ya mahindi. Mtungi yake ilikuwa inashushwa asubuhi na mwenye anapita, jioni inarudishwa imejaa. Hiyo vita iliitupa kwa kichaka. Hakuna mtu aliona. Hata mimi sikuona.

Siku mbili zikapita, nikaona kwake hakuna moshi. Nikamkuta kwa kitanda, midomo imepasuka, amejichafua. Alikuwa amejivuta mpaka kwa mtaro akakunywa ile maji ng'ombe wanakanyaga. Nikamuuliza mbona hakuita mtu.

“Nilijua uko kwa laini,” akasema. “Nikangoja.”

Nikamwambia yote. Ni mimi nilivunja laini. Sioni maana ya kitu yoyote tena. Alinisikiliza macho imefungwa.

“Hiyo maana hata mimi sijawahi kuiona,” akasema. “Leta maji.”

Alikunywa kikombe mbili, akatapika. Tukampeleka hospitali na pikipiki, mimi nimemshika kutoka nyuma, mwepesi kama gunia tupu. Hakurudi. Kwa mazishi pasta akasema tena yale maneno yake, ati kuna sababu. Safari hii nilinyamaza. Sababu niliijua, ilikuwa imekaa kwa kiti yangu.

Asubuhi iliyofuata nikafika kwa chemchemi kabla ya watu. Walipokuja nikawapanga mmoja mmoja, yangu nikaiweka nyuma kabisa. Yule mama kijana akashuka, akaenda moja kwa moja mbele. Nikamwambia arudi.

“Lakini nyanya, si ni wewe ulisema hakuna kitu?”

“Nilisema. Na bado nasema. Rudi nyuma.”

Alinitukana kidogo kwa Kikipsigis, akidhani sisikii hiyo lugha. Lakini alirudi.