Kimya ya Mama Furaha ndani ya mashine

Leo mashine ilinionyesha kitu sikutafuta.

Munajua kazi yetu ya chuo: kusoma namna ubongo inafanya wakati mutu iko nacheza. Tunamuvalisha kofia ya waya, tunapiga ngoma, mashine inachora mistari ya kichwa yake: kichwa ikitulia, mistari inalala; ikishituka, inaruka.

Lakini mbele ya ngoma kuko dakika mbili za kimya. Siye tunaziita "mapumziko".

Leo aliingia Mama Furaha. Alikimbia vita ya Djugu, sasa anakaa kwa kambi, hapa Bunia.

Nikamuambia: "Mama, funga macho. Tulia tu."

Wote tukanyamaza.

Mistari ikaruka! Nikafikiri waya imetoka (mimi na diplome yangu). Nikaangalia. Waya zote ziko muzuri.

Nikapiga ngoma mbio mbio. Mama akacheza na mabega yote, akacheka hata. Kila mutu, ngoma inapandisha mistari. Ya Mama ikashuka.

Yaani ile mapumziko yetu ndiyo ilikuwa inamutesa.

Nikamuuliza ni juu ya nini.

"Mutoto yangu, siku walikuja kwetu, hatukusikia kelele kwanza. Mbwa zilinyamaza. Kisha ndege za ku miti. Kisha wao wakaingia."

Nikazima mashine. Nikamutolea kofia polepole.

Sasa niko nyumbani, saa kumi ya mchana. Hii njia yetu haikosaka pikipiki. Tangu nianze kuandika, sijasikia hata moja.

Mbwa ya jirani pia, kimya.

Weye uko karibu, andika hapa chini, tafazali: kwenu kuko kelele?