Maneti Iliyokufa Kifungo

Tangu kaka yangu mkubwa afariki Bukavu, kila nikitoka kazini hapa Kamembe nilikuwa natafuta emyuleta, ile programu inayoiwezesha simu kucheza gemu za mashini za zamani. Nilitaka mpira wetu, ule tuliocheza utotoni kwenye televisheni ya Maman. Emyuleta ya kwanza ilinimwagia matangazo, nikaifuta kwa matusi. Ya pili ilikoroma tu. Ya tatu ikafungua uwanja uleule, na makelele yaleyale, nami sikusikia furaha hata kidogo.

Wachezaji wa kaka walikuwa wanakimbia! Hawakuwahi kukimbia. Maneti aliyoshika yeye, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, ilikufa kifungo cha kukimbia, kwa hiyo timu yake ilitembea kama inaenda misa, mimi nikimfunga mabao. Alikuwa anacheka tu na kunisifu kuwa nina nguvu: “Mudogo, uko fort!”

Nikaingia kwenye mipangilio, nikakizima kile kifungo, nikacheza upande wake. Simu ilinifunga bila huruma. Nikaona uchungu wa kutembea huku wenzako wanakupita.

Ndipo nikakumbuka sheria ya Maman: mwenye kufika kwanza kutoka shule ndiye anayechagua maneti. Shule ya kaka ilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Alifika kwanza siku zote.

Sasa nafika peke yangu, nachagua peke yangu, na sina wa kumwachia ile nzima.