Idhini ya Baba kwa Faksi

Baba aliniozesha kwa faksi. Watu wakisikia hucheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwa Minneapolis, yeye Mombasa, na bila idhini ya walii hakuna nikaha. Akakaa kitako akaandika kwa mkono wake kwamba amemfanya imamu wa huku wakili wake amuozeshe binti yake, akaipeleka barua kwenye duka la simu, nasi tukaipokea dukani kwa jamaa mmoja, kwenye ile karatasi laini inayojikunja yenyewe. Imamu aliisoma, akanirudishia. Chini kabisa, baada ya maneno ya sheria, Baba alikuwa ameongeza mistari mitatu ya kwangu mimi. Mwaka uliofuata alifariki, na sikuwahi kumzika.

Kwa hiyo nikaitia fremu. Niliitundika sebuleni kwetu Fridley, kwenye ukuta unaotazamana na dirisha kubwa, ili kila aingiaye aione. Wageni waliiona, na jua nalo likaiona. Miaka ikapita, maandishi yakawa ya kijivu, kisha yakawa rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nakifuta kioo nikidhani ni vumbi.

Nikampelekea mtengeneza fremu mmoja Saint Paul, mzee wa Kizungu, mpole, miwani inaning'inia kifuani. Aliitazama karatasi bila kuigusa. Akaniambia hii haikuandikwa kwa wino, imeandikwa kwa joto, na mwanga unaila. Nitoe nakala ya kutundika, na yenyewe niifungie kabatini, gizani. Nilikasirika. Baba yangu nimtie kabatini? Na nakala si mkono wake! Nilipofika nyumbani nimefura, mume wangu akacheka.

"Hata hiyo ni nakala, bibi. Yenyewe ilibaki Mombasa."

Nikaichukua fremu yangu nikairudisha ukutani.

Sisi kwetu karatasi ya maana hutiwa plastiki. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, vyote hufanyiwa leminesheni, na mtu akikutolea cheti kitupu unamwona mzembe. Nikanunua mashine ndogo ya kazi hiyo dukani Maplewood. Jumamosi asubuhi nikaiweka kwenye meza ya jikoni, nikaichomeka. Mume wangu akaniambia nisome kwanza kijitabu chake. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake.

"Na zako umezifunika mtandio," akasema.

Taa ikawaka kijani. Nikaitoa barua kwenye fremu, nikapiga bismillahi, nikaiingiza ndani ya plastiki yake. Upande wa pili ikaanza kutoka, nyeusi. Mwanzo nilidhani ni kivuli. Nikaishika nikaivuta, haikuvutika. Mashine ilikwenda kwa mwendo wake, polepole, nami nimesimama naitazama barua ya Baba ikitoka mstari baada ya mstari, nyeusi tititi, imefungwa vizuri ndani ya plastiki, haina hata kikunjo. Simu yenye kamera ilikuwa mfukoni mwangu. Miaka yote ile sikuipiga picha hata moja; picha ya nini, na chenyewe ninacho?

"Kumbe joto ndilo lililoandika," mume wangu akasema taratibu. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Msikitini tuliuliza, hawakuweka nakala. Ndipo nikampigia Mama.

"Mama, ile barua ya idhini, aliyoiandika Baba. Iko wapi?"

"Si aliituma? Si iko kwako, umeitia fremu?"

"Ile iliyobaki huko, Mama."

"Ile? Hee, mwanangu, ile niliwashia jiko zamani. Niiweke ya nini, na barua imeshafika Marekani?"

Ningemlaumu vipi, nami nimeichoma yangu kwa mashine ya kununua?

"Kwani vipi? Imeharibika?"

"La, ipo. Ninayo hapa mkononi."

"Basi nisomee, nimsikie."

Mama anasoma Kurani, lakini herufi za Kizungu hazijui. Alimwona Baba akiandika, na hakuwahi kujua aliandika nini.

Nikasoma. Mwanzo ulikuwa rahisi. Salamu na maneno ya sheria nayajua kama Alhamdu. Nilipofika chini, kwenye mistari yangu mimi, nikakwama. Nilikuwa nimepita mbele ya ukuta ule kila siku, nikiitupia jicho tu, wala sikuihifadhi moyoni. Nilikumbuka palikuwa na neno "mwanangu" na neno "subira". Hayo mengine niliyatunga. Niliona haya, lakini sikuweza kuacha.

Nikamsikia Mama analia.

"Hapo pa mwisho," akasema. "Hebu rudia."

Nikaitazama ile karatasi nyeusi. Sikukumbuka nilichosema.