Twiga Aliyesuka Nywele

Juzi, katika sebule moja ya kifahari huko Lavington, Nairobi, niliona picha ya twiga na jua jekundu, nikamkumbuka mwalimu wetu wa uchoraji katika shule ya upili.

Alasiri ile darasa lilinuka tapentaini ya kuyeyushia rangi. Nilikuwa nimemchora mama akimsuka mteja nywele katika soko la Kenyatta Market, moshi wa nyama choma ukiwazunguka.

"Wewe msichana, nani atatundika moshi ukutani?" mwalimu alibeza. "Weka twiga!"

Nilidhani huo ndio utaalamu. Kumbe elimu yake yote ilitoka kwenye kalenda za maduka, zenye twiga na jua jekundu. Nikamfunika mama kwa rangi, nikachora twiga mahali pake, nikasifiwa.

Mama, aliyekuwa ameisubiri picha yake, aliitazama.

"Kwani siku hizi twiga ndiye anasuka wateja wangu?"