Moyo Haujapata Habari

Pale machinjioni tulimwita Mama Utumbo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuosha matumbo. Alikuwa na mikono safi na mdomo mchafu. Wageni wa kazi waliruka kwa hofu walipoona moyo wa ng'ombe ukidunda mezani, na utumbo ukijinyonganyonga kama bado unasaga chakula. Yeye aliwacheka hadi machozi.

"Misuli ya moyo na utumbo haitumwi kama ya mkono, nyie waoga! Ng'ombe keshakufa, yenyewe haijapata habari!"

Kisha mumewe, fundi wa paa, akaanguka kazini. Daktari akasema ubongo umekufa, na mashine ndiyo inayompumulia.

"Nani amekufa?" alifoka Mama Utumbo. "Weka mkono hapa, daktari mwanangu. Moyo si huu unadunda? Na tumbo hulisikii linavyonguruma?"

"Mama, moyo hujiendesha wenyewe. Haungoji kutumwa na..."

"Koma!"

Tulipoingia kumpa pole, tulimkuta amefunika kifua cha mumewe kwa viganja vyote viwili, kama anayeziba masikio ya mtoto.

"Semeni chinichini, jamani," alitusihi. "Moyo wake haujapata habari."